Siku Kumi za Bwawa la Balagizi

Watu hununua nyumba kwa sababu nyingi. Mmoja amechoka kumnenepesha mwenye nyumba, mwingine anaoza binti na hana sebule ya kuwakalisha wakwe, mwingine amemwona jirani amenunua na tangu hapo chakula hakimshuki. Balagizi wa Blacktown, kitongoji cha Sydney, alinunua nyumba kwa sababu ya salamu. Alitaka afungue dirisha asubuhi, mtu apite chini na mkate kwapani, amwambie, "Bonjour, Monsieur Balagizi," naye ajibu papo hapo, bila kulitafuta jibu mifukoni kama abiria anayetafuta tiketi mbele ya mkaguzi.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili wakati huo. Kumi na sita ya mwisho aliishi Blacktown, na kumi na minne kati ya hiyo aliendesha foklifti katika ghala la vigae vya bafuni pale Seven Hills. Kazi aliijua. Angeweza kuinua paleti nzima ya vigae hadi rafu ya juu kabisa bila kimoja kulia. Taabu yake ilikuwa kikao cha asubuhi. Kila siku kabla ya kazi wafanyakazi walisimama duara, na makoti yao ya rangi ya chungwa, meneja akauliza nani ana neno. Balagizi alikuwa na maneno, tena mengi. Yalimjaa kifuani kwa Kimashi cha kwao, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa alichofundishwa na mabruda katika shule ya msingi kule Walungu, Kongo. Yakitakiwa yatoke kwa Kiingereza, yalifika kooni yakageuza.

Hapo ndipo alipokuwa akiingilia Muriuki, msimamizi wao, Mkenya, mdogo kwa Balagizi kwa miaka kumi na mitano na mkubwa kwake kwa cheo. "Mzee anasema hivi," Muriuki huanza, kisha Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba, na meneja anacheka. Balagizi hakuwahi kujua meneja alichekea nini. Yeye alikuwa amesema tu kwamba breki ya foklifti namba tatu imelegea.

Siku moja uzalendo ukamshinda. Wakati wa chai alimweleza Muriuki kwamba asimwone hivi, yeye ni mtu wa Kifaransa, na Kifaransa ni lugha ya mabalozi. Muriuki alikuwa anakula viazi, wala hakuinua macho.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo French yako huku haiwezi nunua hata chai."

Maneno machache, lakini yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Juma lilelile Balagizi alianza kutazama video za Kifaransa kwenye simu, ajipime kama bado anacho. Na simu, ambayo siku hizi inamjua mtu kuliko mkewe anavyomjua, ikaona mzee huyu anapenda Ufaransa, ikamletea tangazo.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Sydney inapita chini ya milango ya ghala na kupanda miguuni. Balagizi amekaa juu ya kreti, mikono imezunguka kikombe. Kwenye kioo cha simu kukatokea nyumba ya mawe katika kijiji kimoja kiitwacho Saint-Orbin-le-Petit, madirisha ya buluu, mzabibu umepanda mlangoni, na mbele yake bwawa la kuogelea, maji yametulia, jua limelala juu yake. Bei yake, huku Blacktown ungepata gereji, tena labda bila mlango.

Alimwonyesha Faida, mkewe, jioni ile. Faida alikuwa amerudi kutoka kazini, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na miguu yake iko ndani ya beseni la maji ya moto. Aliitazama picha, akamtazama mumewe, akaitazama picha tena.

"Baba Vanessa," akasema, "wewe unayeoga umeshika ukuta?"

Akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Alifikiri ni mchezo. Kwa sababu wote wawili walijua akiba yao ni ya nini. Mwenye nyumba waliyopanga alikuwa ameshawaandikia barua kwamba anaiuza, wamepewa miezi mitatu ya kuondoka. Nao walikuwa wamekwisha kuona nyumba yao: ya matofali, vyumba vitatu, nyuma ya reli, haina mzabibu wala bwawa, uani ina kamba ya kuanikia nguo na banda la mbao lililoinama kidogo. Faida aliipenda tangu alipofungua bomba la jikoni na kukuta maji yanatoka kwa nguvu. Alimwomba wakala awape wiki mbili tatu wajikusanye. Akiba ilikuwa moja. Ingetosha mlango mmoja tu.

Balagizi aliyajua yote hayo. Lakini wakala wa Ufaransa alikuwa ameanza kumwandikia, na kila barua ilianza na "Cher Monsieur." Miaka kumi na sita hakuna ofisi iliyomwita mpendwa. Ofisi za huku zilimwita kwa namba, au zilimwita "mate", yaani rafiki, kama zinavyomwita kila mtu, hata mbwa. Alizisoma barua zile chooni kazini, mara mbili mbili, midomo ikitembea. Ijumaa moja, ndani ya gari, nje ya duka la nyama la Blacktown, akaweka kidole kwenye kioo cha simu na kutia sahihi mkataba wa kununua. Chini kabisa kulikuwa na mstari uliosema kwamba sheria ya huko inampa mnunuzi siku kumi. Ndani ya siku hizo anaweza kubadili nia kwa maandishi wala asidaiwe kitu, zikipita atapeleka malipo ya kwanza na hapo kurudi nyuma ni hasara. Aliupita mstari ule kama mtu anavyopita karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Akashuka kununua nyama.

Ilibaki kumwambia mke. Na hapa Balagizi alifanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote wa Sydney asingelifanya, maana asingekuwa na pahali pa kulifanyia. Hakumwambia mke. Alitoa ushuhuda.

Kanisa lao hukodi ukumbi wa shule pale Blacktown, kuanzia saa nane mchana, Wasamoa wenye ibada ya asubuhi wakishatoka. Katikati ya ibada kuna saa ya ushuhuda, na mambo yanayosemwa pale huwa yamekwisha kuwa; Mungu ametenda, watu wamepiga makofi, nani tena ataleta shauri? Balagizi, ambaye kwa miaka yote alikuwa akikaa kiti cha mwisho karibu na vizima moto, alisimama na kwenda mbele. Watu wakageuka. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili na kusema kwamba Bwana amemkumbuka mtumwa wake, amempa nyumba Ufaransa, yenye bwawa.

Ukumbi ulilipuka. Mchungaji alifuta macho. Mpiga kinanda akapiga bila kuambiwa. Mama Chibalonza, ambaye huratibu kila sherehe ya Wakongo kutoka Blacktown hadi Penrith na hakuna biriani inayopikwa asijue mchele kilo ngapi, aliuliza kutoka safu ya tatu kama vyumba ni vingapi. Vitano, Balagizi akasema. Mama Chibalonza akafumba macho kidogo, kama anayehesabu magodoro. Mchungaji akaona maono hapo hapo: mwakani kanisa litafunga na kuomba Ufaransa, na waongofu wapya watabatizwa katika bwawa la ndugu yetu, si tena katika lile beseni la plastiki ambalo mwaka jana lilipasuka na mtu ndani. Mzee Bigirimana, Mrundi, mtu wa methali, akamshika Balagizi bega.

"Maji umeyavulia nguo," akasema. "Sasa huna budi kuyaoga."

Faida alikuwa safu ya pili ya kwaya, amevaa kitenge cha sare. Wenzake walimkumbatia kutoka pande zote, wakamwita Mama Ufaransa. Naye alitabasamu, kwa sababu kwaya husimama mbele na kila mtu anaona. Lakini wimbo uliofuata yeye alifungua mdomo tu, sauti haikutoka.

Walirudi kwa gari. Binti yao Vanessa, anayesoma chuo kikuu kule Kensington na hurudi nyumbani mwisho wa juma kuosha nguo, alikuwa nyuma na simu ya baba yake mkononi. Vanessa anakisikia Kiswahili chote, hata cha matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliusoma mkataba mpaka chini, kwa sababu Kifaransa alikichukua chuoni kama somo la ziada. Akasema kwamba baba ametia sahihi kweli, lakini kuna siku kumi, na mbili zimeisha.

Faida hakupiga kelele. Angepiga, Balagizi angepona. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Nani amelala humo?"

Na swali hilo Balagizi hakuweza kuliruka. Katika ukoo wao mtu haoi kwa kuona sura. Kabla mahari haijatajwa, shangazi wa kijana hutumwa kwenda kulala kwa akina msichana, usiku mmoja au miwili. Haendi kukagua, la hasha, anaenda kusalimia. Lakini anasikia mama wa nyumba anavyoamka, anaona kama sufuria zinaoshwa jioni au zinaachiwa inzi, na akirudi neno lake ndilo neno. Faida mwenyewe alipatikana hivyo. Shangazi Goreth, dada wa baba yake Balagizi, alilala kwao siku mbili, akarudi na kusema, "Kule watu wanaamka mapema na hakuna anayebamiza mlango. Oa." Sasa Balagizi alitaka kuchukua nyumba ambayo hakuna wa kwao aliyeilalia, kwa picha, kama mabinti wa mtandaoni.

Na kwa bahati, au kwa balaa, Shangazi Goreth bado alikuwa hai, na alikuwa akiishi Lyon kwa mwanawe Christian.

Balagizi alikubali haraka, tena kwa furaha. Shangazi alikuwa damu yake, si ya Faida. Akapigiwa simu jioni ileile. Jumanne mama yule wa miaka sabini na mmoja alipanda treni, kisha basi, na mfuko wa mihogo mapajani kwa ajili ya wenyeji, akashuka Saint-Orbin-le-Petit kwenda kusalimia nyumba.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni za Sydney, simu ikalia. Waliiweka mezani sebuleni, sauti ya juu, wakakaa kuizunguka. Shangazi alianza na afya za watu, kisha afya ya magoti yake, kisha akafika.

"Nyumba ni nzuri," akasema.

Balagizi alimtazama mkewe kama mtu aliyefunga goli.

"Ukuta ni mnene. Hata mukigombana na bibi yako, jirani hasikii. Bwawa liko, nimetia mguu, ni baridi kama roho ya mukopeshaji. Kuna mutu anakuja kila juma kulitilia dawa. Asipokuja, vyura wanahamia."

"Na watu, Shangazi?" Balagizi akainama kuikaribia simu. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba yake. Mawe na maji yalikuwa mapambo tu. "Watu wa kijiji wanakusalimia vizuri?"

"Sana. Toka asubuhi ni gudi moning, gudi moning."

Balagizi akadakia. "Shangazi, gudi moning ya nini? Hapo si Ufaransa?"

"Ni Ufaransa, bendera iko. Lakini nyumba za bwawa ziko tisa, na zote tisa ni za Waingereza. Wamestaafu, wanaota jua. Ile mama anayekuuzia ni Mwingereza, mujane, anaitwa Pamela. Mutu mwema, amenipikia maharagwe ya kopo. Tunazungumza na mikono. Mwanangu, niko hii inchi miaka makumi mbili na mbili, na ni mara ya kwanza nashindwa kuomba chumvi."

"Wafaransa wenyewe wako wapi?"

"Vijana walienda mujini. Wazee wako makaburini, makaburi ni safi sana. Muuza mukate ni Mfaransa, lakini amezoea. Nimemwambia bonjour, amenitazama, amenijibu Kiingereza."

"Na meya?" Sauti ya Balagizi ilikuwa imepungua.

"Meya ni Mfaransa kabisa, mutu muzuri. Jumanne na Alhamisi anafundishwa Kiingereza."

Vanessa alijifunika uso na mto wa kochi; mabega yakawa yanatikisika. Faida aliondoka kwenda kuangalia maharage jikoni, ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Shangazi hakuona wala hakusikia, alikuwa anaendelea. Alisema neno lake ni kwamba nyumba ichukuliwe, tena upesi. Yeye amekwisha kuchagua chumba cha karibu na jikoni kwa ajili ya magoti. Christian na mkewe wanapewa cha juu. Wakwe za Christian wameshaambiwa kuhusu mwezi wa nane, mjukuu anapokea komunyo, watu watakaa kando ya bwawa, mbuzi amekwisha kusemwa. Mpwa mmoja wa Brussels ambaye mambo yake na mkewe hayajakaa sawa atafaa chumba cha bustani.

"Sasa weye unakuja lini?" akamaliza. "Tujue pahali pa kukuweka."

Simu ilipokatwa, Faida alirudi akifuta mikono. Mtu angetegemea amseme mumewe, na haki alikuwa nayo. Akaketi tu.

"Wakala wa ile nyumba ya nyuma ya reli amenipigia tena leo," akasema. "Mi sikukatazi. Niliuliza aliyelala, amelala, amesema ni nzuri. Siku zimebaki nne. Kinywa ni chako."

Kesho yake, wakati wa chai, Balagizi alizifungua tena zile picha. Alizitazama safari hii bila kutazama bwawa. Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na kopo la majani ya chai ya Waingereza, lilelile ambalo wazee wanaotunzwa na Faida kazini hugombania. Kwenye lango kulikuwa na kibao kidogo alichokuwa amekipita mara mia. Kilisema kwa Kiingereza kwamba mbwa ni mkali. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikisoma chote, bila msaada wa mtu, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akaizima simu. Alijiona yuko dirishani asubuhi, amevaa shati jeupe, na chini anapita Mwingereza mstaafu na kaptula, anamwuliza jambo. Naye Balagizi anageuka nyuma kumtafuta Muriuki.

Aliamua kurudi nyuma. Lakini kuamua ni jambo moja, na kusema hapana ni jambo lingine, hasa kwa mtu aliyelelewa vizuri.

Jumamosi alikaa mezani kumwandikia noteri, yule mwanasheria anayeandikisha nyumba. Vanessa alijitolea kumwandikia, akakataliwa. Kifaransa cha baba hakihitaji mkongojo. Aliandika kuanzia asubuhi mpaka mchele ukaiva. Alianza kama mabruda walivyomfundisha kumwandikia mkubwa: kwamba ana heshima isiyo kifani ya kuja mbele ya ukuu wako mtukufu. Alimshukuru noteri kwa subira yake, akaishukuru nyumba kwa uzuri wake, akamsifu Madame Pamela kwa ukarimu, akakiombea kijiji mvua. Ukurasa wa tatu alieleza kwamba familia imekaa, kwamba mama wa nyumba naye ana mawazo yake, na kwamba wakati wa Mungu si wakati wa mwanadamu. Akamaliza kwa kusema anabaki na moyo uliojaa matumaini, mtumishi wako mtiifu.

Neno hapana halikuwemo. Kwa watu wa Balagizi huwezi kulitupa neno hilo usoni mwa mtu. Mgeni aliyeshiba husifu mchuzi, na mwenye akili anajua sahani imekataliwa. Asiye na akili anaongeza mchuzi. Barua ilipelekwa kwa njia ya mtandao, ile huduma ya posta inayotambulika kisheria, kurasa nne.

Noteri aliongeza mchuzi.

Jibu lilikuja Jumatatu jioni, huko Ufaransa ofisi zimekwisha kufungua, siku ya kumi yenyewe. Noteri aliandika kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajapokea kutoka kwa mnunuzi maneno mazuri namna ile. Kwamba ameyasoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Kwamba Madame Pamela ametumiwa nakala na amelia. Kwa kuwa sasa nia ya Monsieur imethibitika, malipo ya kwanza yanasubiriwa Jumatano.

Balagizi alisoma, akakaa, akasimama, akasoma tena. Vanessa, aliyekuwa amechelewa kurudi Kensington, alimpokonya simu, akasoma, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima akamsemesha baba yake kwa Kiswahili.

"Baba, piga simu. Sasa."

Akapiga. Alipokea mwanamke, karani wa noteri. Balagizi alisalimia kwa Kifaransa, akauliza afya, akauliza hali ya hewa. Mambo yalikuwa mazuri mpaka karani alipoanza kujibu. Kifaransa chake kilikuja kwa kasi, kimekatwakatwa, hakina kile kituo ambacho bruda alikuwa akikiweka baada ya kila sentensi ili watoto waandike. Balagizi alishika neno moja kati ya kumi. Karani akauliza kitu.

"Oui, madame," akasema Balagizi.

Karani akauliza kingine.

"Oui, madame."

Kule shuleni Walungu hilo ndilo lilikuwa jibu pekee lisilokuwa na fimbo nyuma yake, na miaka arobaini haikutosha kulitoa mdomoni. Vanessa alikuwa amejishika kichwa. Alimnong'oneza kwamba amekubali Jumatano, na sasa amekubali pia kununua viti vya kando ya bwawa. Bila shaka karani alikuwa anasikia mtu anavyohema upande wa pili wa dunia. Kisha, kwa adabu yote, akamuuliza kama angependelea waendelee kwa Kiingereza.

Balagizi aliiondoa simu sikioni akaitazama. Akageuka nyuma. Hapakuwa na Muriuki. Palikuwa na Vanessa tu, na ukutani kalenda ya duka la nyama. Akairudisha sikioni. Na Kiingereza chake kikatoka, kile cha ghala, kifupi, hakina heshima isiyo kifani wala ukuu wako mtukufu, kile ambacho mtu hukitumia kumpigia kelele dereva anayerudisha lori nyuma bila kuangalia.

"No," akasema. "No house. I don't buy. Finish."

Karani hakukasirika. Alisema ameelewa vizuri sana, sasa vizuri kabisa, ila sheria inataka maandishi, mstari mmoja tu, leo. Kisha akamwuliza kama yeye ni Mwaustralia, maana karani mwenyewe ana shangazi huko, na lafudhi ni ileile. Vanessa aliyaona masikio ya baba yake yakisogea kidogo, kama ya mtu anayezuia kicheko.

Mstari aliuandika Vanessa: mnunuzi anabadili nia, jina, tarehe. Balagizi aliomba waongeze japo shukrani kwa Madame Pamela aliyelia. Vanessa akakataa. Akaomba salamu kwa noteri na ofisi yake. Vanessa akakataa. Akaomba mvua ya kijiji. Vanessa akabonyeza, barua ikaenda.

Faida aliingia dakika chache baadaye kutoka kazini, viatu mkononi, akakaa kwenye kiti cha kwanza kilichokuwa karibu. Simu ilikuwa inalia mezani. Kiooni limeandikwa jina la Shangazi Goreth, na hakuna aliyekuwa anaigusa.

"Umewaambia?" Faida akauliza.

"Nimewaambia."

"Wameelewa?"

"Wameelewa vizuri sana."

Faida alivuta beseni kwa mguu, akamtazama mumewe juu mpaka chini. "Umewaambia kwa lugha gani?"

Balagizi akauliza kama mchele umekwisha kuoshwa.